Tangi la Kubebea Maji Taka kwa Wenye Karavani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaotoka Mombasa na karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, kwenda Tiwi, Diani, Kilifi, Watamu au Voi. Majibu yamefuata hali ya pwani yetu: joto, mchanga, mwamba wa matumbawe chini ya miguu, na kambi ambazo nyingi hazina mahali maalumu pa kumwagia. Ukiwa na haraka, ruka hadi swali la "Nimwage wapi?" Hilo ndilo linaloamua mengine yote, hata ukubwa wa tangi utakalonunua.

## Mambo ya mwanzo

Tangi la kubeba ni lipi, na lina tofauti gani na lile lililo chini ya karavani?

Lililo chini limefungwa kwenye chesisi na haliondoki. La kubeba ni chombo bapa cha plastiki nzito chenye magurudumu mawili au manne, mkono wa kuvutia, tundu la kuingizia maji taka na tundu dogo la kupumulia. Njiani husafiri tupu. Mkiwa kambini na tangi la chini likikaribia kujaa, unaunganisha mpira, unahamisha uchafu, kisha unakokota tangi hadi chooni au kwenye shimo la maji taka. Karavani halisogei. Bila tangi hilo ungelazimika kukunja hema la pembeni, kufunga vyombo na kuondoa gari zima kwa sababu ya choo tu.

Karavani langu halina tangi lolote chini. Je, nalihitaji?

Makaravani mengi yanayoingia kwetu ni ya Afrika Kusini na Uingereza, na mengi ya hayo hutoa maji ya sinki kwa kijibomba kinachochungulia ubavuni. Choo, kikiwepo, ni cha kaseti: sanduku la lita 17 hadi 20 hivi, unalolichomoa kupitia mlango mdogo wa nje. Ikiwa lako ni la aina hiyo, unahitaji tangi dogo la maji ya sinki na ya kuogea, basi. Kaseti yenyewe tayari ni tangi la kubeba la choo. Matangi makubwa ya magurudumu manne yalitengenezwa hasa kwa makaravani ya Kimarekani, yenye tangi la choo lisilotoka.

Kwa safari za pwani, kaseti pamoja na tangi la lita 40 inawafaa watu wengi kuliko lile dude la lita 100 linalopendeza picha zake mtandaoni.

Maji ya sinki na ya choo yanaweza kuingia tangi moja?

Yanaweza, lakini yakishachanganyika yote huwa maji ya choo. Huwezi tena kuyamwaga popote isipokuwa panapopokea kinyesi, na tangi hilo halitarudi kuwa la sinki hata ulioshe vipi. Ukiweza, weka vyombo viwili na uvitie alama ya rangi isiyofutika.

Lita ngapi zinatosha?

Madukani yapo ya kuanzia lita 40 hivi hadi zaidi ya 130. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 80 likijaa ni kilo 80 za maji, na tangi lenyewe halijahesabiwa. Kabla ya kuhesabu watu, jiulize nani atalivuta, na juu ya ardhi gani.

Wapo wanaoshauri ununue tangi lenye ujazo sawa na lile la chini. Wana sababu: ukifungua valvu ya choo halafu tangi la kubeba likajaa, utalazimika kuifunga katikati, na uchafu mzito unaweza kubana kwenye ulimi wa valvu isifunge sawasawa. Hilo ni kero kweli. Lakini dawa yake si lazima iwe tangi kubwa. Ukijua ujazo wa tangi la kubeba, na kiasi kilichomo chini, hamisha mapema, kabla kilichomo chini hakijazidi ujazo huo.

Kwa nini nisitumie madumu ya lita 20 tu?

Kwa maji ya sinki, dumu ni rafiki mzuri. Ni rahisi, linapatikana kila mtaa, na kilo 20 mtu mzima anazibeba. Kwa choo halifai: mdomo ni mwembamba, mpira hauingii, na utamwagia miguu yako.

Kuna jambo moja ambalo sitalizungusha. Mombasa madumu huzunguka. Dumu lililoachwa nje leo, kesho liko kwenye mkokoteni wa muuza maji. Dumu lililowahi kubeba maji taka lipake rangi nyekundu, liandike CHOO kwa herufi kubwa, na likichakaa litoboe kabla ya kulitupa.

## Choo na dawa

Sisi hutawaza kwa maji. Si tangi litajaa haraka?

Litajaa haraka zaidi, ndiyo. Kopo moja la lita moja kila mtu anapoingia, na kaseti ya lita 18 haitamaliza siku kwa familia ya watu watano. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vyoo hivi huandikwa kwa watu wa karatasi, ndiyo maana hesabu zake hazitulingani.

Kuna faida lakini. Tangi lenye maji ya kutosha humwagika vizuri, na tangi lisilo na karatasi haliachi tope linaloganda chini. Anayelalamika kwamba choo chake hakitoki mara nyingi ni yule anayebania maji. Kwa hiyo usiwazuie watu maji. Tumia kopo dogo au chupa yenye mdomo mwembamba, na upange kumwaga kila siku. Mkiwa kambini penye vyoo, choo cha ndani kiwe cha usiku na cha watoto.

Maji ya udhu yaende kwenye sinki au nje kwenye beseni. Na kwa wanaoswali: weka nguo moja ya kazi hii na malapa yake, vikae nje ya karavani. Tone moja likikurukia hutalazimika kubadilisha kila kitu.

Dawa gani nitie?

Dawa za choo cha karavani ni za namna mbili. Zipo za kuua vijidudu, ambazo za zamani nyingi zina fomalini, na zipo za vimeng'enya au bakteria wanaomeng'enya uchafu. Kwa kwetu chagua za pili. Shimo la maji taka la kambi au la nyumbani hufanya kazi kwa bakteria walio ndani yake. Ukiwamwagia fomalini unaliua shimo la mwenyeji wako, na mwaka ujao hatakukaribisha. Joto la pwani huharakisha kuoza, kwa hiyo usingoje dawa ifanye miujiza kwa siku nne. Mwaga mapema.

Naweza kutia jiki?

Usitie. Jiki huharibu raba za valvu, huua bakteria wa shimo, na ikikutana na mkojo uliokaa hutoa mvuke wa sumu unaochoma macho na mapafu. Ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni mbaya zaidi. Ukitaka kuosha, tumia maji mengi na sabuni ya vyombo, kisha acha tangi wazi juani.

Niache valvu ya choo wazi ili uchafu ushuke wenyewe?

Hapana. Maji yatatangulia na mzigo mzito utabaki ukirundikana chini ya tundu. Ifunge mpaka tangi la chini lifike angalau nusu, ndipo uifungue kwa mara moja ili maji yasukume kila kitu.

## Jikoni

Mbona maji ya sinki yananuka kuliko ya choo?

Kwa sababu ya tui. Mafuta ya nazi, mabaki ya samaki na wanga wa wali vikikaa tangini kwa joto la Februari, asubuhi ya pili hukai ndani. Choo kina dawa, sinki halina, na watu hudhani maji ya vyombo ni masafi.

Machicha yasiingie sinki hata chembe. Huziba kijibomba na hayayeyuki. Futa sufuria ya biriani kwa karatasi au kwa ganda la ndizi kabla ya kuiosha, weka kichujio kwenye tundu la sinki, na mafuta yaliyokaangia viazi yarudishe kwenye chupa. Tangi la sinki limwagwe kila jioni hata kama limejaa nusu. Magamba ya samaki na maji ya kuoshea pweza vimalizie nje kabisa, kwenye beseni.

Maji ya vyombo naweza kuyamwaga chini ya mnazi?

Muulize mwenye kambi. Wengine hukubali maji yaliyochujwa, yasiyo na mafuta, yamwagwe kidogo kidogo kwenye miti mbali na kisima. Wengine hawataki, kwa sababu ya nzi na siafu. Maji ya choo, au yaliyochanganyika nayo, hapana, hata mnazi uwe umekauka namna gani.

## Kulivuta na kulisafirisha

Nivute kwa mkono au kwa gari?

Mengi huja na kishikio cha kutundika kwenye tufe la chuma la kuvutia trela, nyuma ya gari. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilomita 8 kwa saa, yaani kasi kidogo kuliko mtu anayetembea kwa haraka. Magurudumu ni madogo na hayana springi. Kwa njia ya kambi inawezekana, mtu mmoja akitembea nyuma kuangalia. Kwa barabara ya lami ya Ukunda, yenye matatu na bodaboda, usithubutu.

Mchangani magurudumu yanazama. Nifanyeje?

Yatazama, hasa mchanga mkavu wa juu. Chagua tangi lenye magurudumu mapana ya raba, tandika mbao mbili uzisogeze kwa zamu, au ujaze nusu tu. Mkokoteni ndio unaoshinda vyote: magurudumu yake ni ya gari, na tangi dogo lililofungwa juu yake kwa mkanda halisukiki. Mlipe mwenye mkokoteni bei ya haki na umwambie mapema anabeba nini. Kumficha mtu kwamba anabeba kinyesi si uungwana.

Naweza kuvuka feri ya Likoni na tangi lililojaa?

Vuka likiwa tupu. Bahari ikiwa imekupwa sana, ngazi ya feri huwa na mteremko mkali, mkia wa karavani hukaribia kukwaruza, na maji yanayochezacheza tangini huongeza mtikisiko. Likimwagika pale, umewamwagia maelfu ya watu wanaovuka kwa miguu. Ukiwa na karavani refu, barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini hadi pwani ya kusini imeondoa shida yote ya feri.

Nilifunge wapi njiani?

Tupu, mbele ya ekseli au ndani ya pikapu. Wengi hulitundika nyuma kwenye ngazi kwa sababu ya harufu. Likiwa tupu halina neno, maadamu umelifunga kwa mikanda miwili na mfuniko umebana. Likiwa na maji, uzito wa mkiani hunyanyua pua ya trela, na trela lenye pua nyepesi huanza kuyumba likipishana na malori ya barabara ya Nairobi. Kwa sababu hiyohiyo tangi la chini nalo lisisafiri limejaa.

## Kumwaga

Nimwage wapi?

Marekani kambi nyingi zina kituo chenye tundu la sakafuni na bomba la kusuuzia. Pwani yetu usitegemee hivyo. Mombasa kwenyewe mabomba ya maji taka yanafikia sehemu tu ya kisiwa na ya upande wa magharibi wa bara. Kwingineko ni mashimo na vyoo vya shimo. Kwa hiyo jibu liko kwa mwenye mahali, na ulizo lifanyike kwa simu kabla ya kulipia: "Mna choo cha maji kinachoingia shimo la maji taka? Ninaweza kumwagia humo lita 40 kwa siku? Shimo lilinyonywa lini?" Akisita kwenye swali la tatu, beba kaseti ya pili na urudi nayo.

Akikubali, mwagia kwenye choo cha kukaa au cha kuchutama, polepole, halafu fuatisha ndoo mbili za maji. Usimwagie kwenye bafu. Mengi bomba lake halielekei shimoni. Nyumbani ni vivyo hivyo. Wengi wanaoishi Nyali, Bamburi au Mtwapa wana shimo uani, na kaseti ya siku ya mwisho inaweza kusafiri imefungwa vizuri ikamwagwe kwako.

Kituo cha mafuta kinaweza kukubali kaseti moja ukiomba kwa adabu. Tangi la lita 80, hapana.

Nikichimba shimo ufukweni nikafukia, kuna ubaya gani?

Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una nyufa na vishimo. Kwenye udongo mzito maji machafu hupita taratibu na kuchujwa. Kwenye matumbawe hupita kama kwenye chujio la machicha. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unaofundishwa kila mahali hautoshi kwenye mwamba wenye nyufa. Kisima cha jirani kiko chini kidogo tu, na kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo.

Upande wa pili kuna mwamba wa baharini. Bahari ya kutoka Nyali hadi Shanzu ina hifadhi ya baharini tangu 1986, na kinyesi hurutubisha mwani unaofunika matumbawe. Na hata ukifukia juu ya mstari wa maji, bamvua itafukua. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, kwa hiyo utajieleza.

Na kwenye mtaro wa barabarani, au kwenye mfuniko wa bomba la mji?

Mitaro ya kisiwani ni ya mvua, nayo huishia baharini moja kwa moja. Mfuniko wa bomba la maji taka si mali yako kuufungua. Zungumza na kampuni ya maji ya mji. Mtambo wa kusafisha uko Kipevu, lakini usijitokeze pale na trela bila makubaliano.

Lori la kunyonya linaweza kuja kambini?

Linaweza, kama mko makaravani kadhaa na barabara inapitika. Lori hilo, yaani eksosta, hutoza kwa safari, si kwa lita, kwa hiyo kuliita kwa ajili ya tangi moja ni kutupa pesa. Kundi la arusi au la mkutano wa siku tatu likichangia, ni njia safi kuliko zote. Dai mwenye lori aonyeshe kibali chake. Lisilo na kibali huenda likayamwaga hayo yote kwenye mikoko.

Kuna mpangilio wa kuhamisha?

Glavu ndefu kwanza, viatu vilivyofunika vidole, watoto mbali. Fungua tundu la kupumulia la tangi la kubeba, la sivyo hewa itarudisha maji usoni. Unganisha mpira, kaza klipu, mpe mtu kazi ya kutazama kiwango. Toa choo kwanza, sinki baadaye, ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Simamisha kabla ya robo ya mwisho. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayokusaidia tangi likipanda jiwe. Funga valvu ya karavani kabla ya kuchomoa mpira, na uinue mpira ukielekeza ndani ya tangi.

Kiunganishi cha Kimarekani ni cha inchi 3. Mabomba ya choo ya madukani kwetu ni ya inchi 4, na ya sinki ni membamba zaidi, kwa hiyo nenda dukani na kipande chenyewe mkononi, ununue adapta na raba ya ziada. Raba ndiyo inayokwisha kwanza, kwa chumvi na jua.

## Mambo ya pembeni

Tangi limevimba juani. Litapasuka?

Gesi imejaa. Usichungulie tunduni na usiwashe sigara. Gesi ya kuoza ina methani, na ile yenye harufu ya yai bovu ni sumu. Simama upande upepo unakotoka, fungua tundu dogo kwanza, subiri, ndipo ufungue kubwa. Halafu liweke kivulini, lakini si chini ya mnazi wenye nazi.

Liwekwe upande gani wa karavani?

Upepo unakoelekea. Wakati wa kusi, kaskazini ya karavani. Wakati wa kaskazi, upande wa kusini. Kama karavani la jirani liko hapohapo, sogeza, au zungumza naye.

Nyani wameng'ata mpira.

Tiwi na Diani wana udadisi, na harufu ya sinki huwaita. Mpira usiachwe umeunganishwa. Utoe, usuuze, ufungie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kuzungusha. Tundu la kupumulia lenye kizibo cha kuchomeka badilisha liwe la skrubu.

Limemwagika njiani kambini. Nifanyeje?

Zuia watu wasipite. Tupia mchanga mkavu au majivu yanywe, zoa kwa koleo kwenye ndoo, peleka chooni, na mwambie mwenye kambi ukweli. Usimwagie maji mengi. Utayasambaza, na kama kuna kisima karibu utayasukuma huko.

Naenda Tsavo badala ya pwani. Kuna tofauti?

Maji ni adimu, umbali ni mrefu, na kambi za ndani ya hifadhi nyingi zina vyoo vya msingi tu. Beba kaseti mbili na utoe kila ulichoingiza. Usimwage hata maji ya vyombo karibu na hema: tembo hunusa maji, na fisi hunusa kilichomo ndani yake.

Limepata ufa. Gundi inashika?

Haishiki. Matangi haya ni ya polithini, na gundi ya kawaida hubanduka baada ya joto la siku moja. Linalofaa ni kuchomelewa kwa joto, na mafundi wanaochomelea matangi ya maji ya nyumbani na beseni wanaiweza kazi hii. Osha mara tatu, likaushe juani siku nzima, na mwambie fundi lilibeba nini kabla hajainama juu yake. Ufa ukiwa kwenye kona ya gurudumu, au ukiwa umezidi urefu wa kiganja, nunua jingine. Kona ndiyo inayobeba uzito wote na kiraka chake hakidumu.